Jiwe la Bibi Marte limeandikwa Heggedal

Jumamosi, 18 Novemba 2006
Arlington, Texas

Upepo wa kaskazini umeingia tangu alfajiri na umekataa kuondoka. Mvua nayo ni ile ya manyunyu, haina hata adabu ya kunyesha ikaisha. Nimevaa soksi mbili na miguu bado ya baridi. Karl yuko sebuleni anaangalia mpira wao ule wa kukumbatiana na kuangushana. Sauti ameipunguza, maana ameniona usoni na anajua leo sitaki kusemeshwa.

Nimelia kwenye gari. Njia nzima kutoka Fort Worth, nimelia. Naandika sasa hivi, jioni haijaingia vizuri, nisije kesho nikajidanganya kwamba yalikuwa mafua.

Kwa anayepita kwenye blogu hii mara ya kwanza: mimi ni mtoto wa Kilimanjaro, nimezaliwa na kulelewa Mlutheri, nikaolewa na Mmarekani. Huyo Karl ana mama, Mama Solveig, na Mama Solveig yuko kwenye nyumba ya kulelea wazee kule Fort Worth. Kumbukumbu zinamtoka. Za juzi zimetangulia, za utotoni zimebaki. Jina langu alishalisahau zamani, ila ananiita mwanangu na mimi inanitosha.

Mababu zake walitoka Norwei wakaja kulima hapa Texas, kijijini huko kusini-magharibi, mwendo wa saa mbili hivi kutoka kwetu. Kanisa lao bado lipo, na makaburi yake yapo yanatunzwa vizuri. Pale wana desturi moja. Mtu aliyezaliwa Norwei, jiwe lake linaandikwa jina, na chini ya jina wanachonga usharika aliobatiziwa. Hawachongi nchi, hawachongi mji, wanachonga usharika. Niliposimama pale mara ya kwanza, mkwe mpya na viatu vyangu vya kisigino vinazama kwenye udongo, nikasema kimoyomoyo, jamani, hawa si watu wa kwetu kabisa? Kwetu ukikutana na mtu ugenini, ukishamuuliza ni mtoto wa nani, unamuuliza anasali usharika gani. Baada ya hapo ndiyo mnaanza kuongea.

Jiwe moja tu lilikuwa na mstari mtupu. La Bibi Marte.

Bibi Marte ndiye aliyemlea Mama Solveig. Mwenyewe anamwita Bestemor, ndiyo bibi kwa Kinorwei. Mume wa Bibi Marte alipomzika aliacha nafasi kwenye jiwe, akisema ataandika barua kwao kuuliza usharika. Barua haikuandikwa, na yeye akamfuata mkewe. Mama Solveig amekuwa akiutazama huo mstari mtupu maisha yake yote. Alipoanza kuugua alimshika Karl mkono akamwambia, jazeni ule mstari kabla sijaondoka, maana mimi nitalazwa pembeni yake. Ndilo ombi pekee nililowahi kumsikia akimwomba mwanawe.

Sasa Karl. Karl ni mtu mwema, ila ana haraka. Ndani ya Biblia ya ukoo kulikuwa na cheti ambacho Bibi Marte alipewa na mchungaji siku anahama Norwei, kimesainiwa usharika wa Heggedal. Basi, akaona kazi imekwisha. Pasaka iliyopita mchonga mawe akachonga pale HEGGEDAL, herufi nzuri, nene. Tukampeleka Mama Solveig akaone. Akapitisha kidole kwenye herufi, moja baada ya nyingine, machozi yakaanza kumtoka. Karl akamkumbatia, akaniambia, "Unaona? Amefurahi."

Mimi nilikuwa nimemshika mkono wa pili. Ule haukuwa mkono wa mtu aliyefurahi.

Ndani ya gari ndipo aliposema. "Wamemrudisha kwa wale watu."

Tangu siku hiyo, kila mchana ukianza kuinama, Mama Solveig alikuwa analia. Analia kama mtoto aliyeonewa, bila kuona haya. Wahudumu wanambembeleza, Karl anambembeleza, wapi. Mimi nilikuwa nakaa naye tu, nikasikia mambo vipande vipande. Heggedal ndiko Bibi Marte alikofanywa mtumishi wa ndani akiwa msichana mdogo. Wenye nyumba walikuwa wanamlaza na ng'ombe. Siku moja ya baridi kali walimfungia nje, vidole vya mguu vikafa, na mpaka anazeeka hapa Texas alikuwa anachechemea. Jina la mahali pale hakulitamka tena, alikuwa anasema "kule" tu. Alivuka bahari nzima kwa sababu ya "kule". Na sisi tumelichonga jina hilo juu ya kichwa chake, kwa herufi nene.

"Bestemor alizaliwa ng'ambo ya maji," Mama Solveig alikuwa ananiambia. "Sandvoll. Kanisani wanakwenda kwa mashua."

Karl alisema ni ugonjwa. Tena akafungua ramani akanionyesha. Kanisa la Sandvoll lipo kweli, na liko chini ya Heggedal, kama kwetu mtaa, lile kanisa dogo, ulivyo chini ya usharika. "Kwa hiyo ni kulekule," akasema. "Hatujakosea." Dada zake wakakubali kwa simu, daktari naye akatikisa kichwa kwa huruma. Kila mtu akaridhika isipokuwa mwenye bibi.

Mimi nikaanza kwenda kwenye kituo kimoja cha historia za koo, kutafuta ubatizo wa Bibi Marte. Kuna kanisa moja, si letu, wamepiga picha vitabu vya makanisa ya dunia nzima wakaviweka kwenye filamu. Unaagiza filamu unayotaka, unasubiri wiki kadhaa, ikifika unakaa kwenye mashine, unazungusha mpini wake, unasoma kurasa za watu waliokufa zamani. Wavulana waliobatizwa wana kurasa zao, wasichana zao. Mwandiko wa wachungaji wale, Mungu anisamehe, mwingine ni kama kuku amepita. Na majina usiseme. Marte Olsdatter maana yake ni Marte binti Ole, hakuna jina la ukoo. Mbele yake wanaweka jina la shamba wanaloishi, na wakihamia shamba lingine jina nalo linabadilika. Binti Ole walikuwa wengi kama akina Mama Neema wa kwetu.

Nilisoma wasichana wote wa Heggedal wa mwaka aliozaliwa Bibi Marte, nikarudi nyuma, nikaenda mbele. Hayupo. Nikatafuta vitabu vya Sandvoll yenyewe, nikakuta vinaanza yeye akiwa ameshakuwa msichana mkubwa. Karl akaniambia kwa upole niache. Nikakasirika siku mbili, kisha kweli nikaacha.

Halafu Eli akapiga simu.

Eli ni mdogo wangu, yuko Houston, anafanya kazi kwenye duka la dawa na anaishi karibu na Gulfton. Anaoa mwakani, na mchungaji wake wa Houston anataka cheti cha ubatizo.

"Dada, hivi mimi nilibatizwa wapi?"

"Kanisani, wewe. Ulitaka ubatizwe baa?"

"Sitanii bwana! Nimepiga kanisani kwetu, karani ananiambia jina langu halipo kitabuni. Halipo, dada! Mimi niliyeimba kwaya pale mpaka sauti ikavunjika!"

Nikacheka. Na yeye akacheka, maana mama mdogo alikuwa ameshamfumbulia fumbo. Eli alipozaliwa, kanisa letu lilikuwa bado mtaa tu. Jumapili za kawaida ibada anaongoza mwinjilisti, na mchungaji anapanda mara moja kwa mwezi kutoka usharika wa bondeni. Siku hiyo ndiyo ya kubatiza na ya chakula cha Bwana. Anabatiza watoto wote waliozaliwa, anaandika kwenye kitabu chake, anakitia kitabu kwenye mkoba, anashuka nacho. Miaka baadaye mtaa wetu ukapandishwa kuwa usharika, tukapata mchungaji wetu na kitabu kipya. Kile cha zamani hakuna aliyekifuata.

"Kumbe jina langu liko bondeni," Eli akasema, "na kule sijawahi kukanyaga hata kwa harusi."

Nikaacha kucheka. Nilikuwa jikoni, maharage yako motoni, nikazima jiko nikakaa kwenye kiti.

Nimekulia kwenye mambo hayo! Nimevaa gauni jeupe kumsubiri huyo mchungaji wa mara moja kwa mwezi! Na muda wote huo nilikuwa natafuta kanisa lilipo, badala ya kutafuta mchungaji alipolala. Norwei ilikuwa vilevile. Mchungaji mmoja, makanisa kadhaa, kila kanisa na mtaa wake, na kitabu kinakaa nyumbani kwa mchungaji. Na mipaka ya leo si mipaka ya zamani hizo. Ramani ya Karl ilikuwa ya leo.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kituoni. Mama mmoja mzee anayejitolea pale, mwenye miwani ya kamba, akanitolea kitabu kinachoeleza kila usharika wa Norwei ulikatwa lini na kutoka wapi. Tukasoma pamoja, kidole chake na changu kwenye mstari mmoja. Sandvoll ilikuwa mtaa wa Nordli, usharika wa ng'ambo ya pili ya maji. Ilikuja kukatwa na kupewa Heggedal baadaye, Bibi Marte akiwa ameshatumwa utumishini. Yaani siku anabatizwa, mchungaji wa Heggedal alikuwa hamjui wala hamhusu.

Ng'ambo ya maji, alisema Mama Solveig. Kwa mashua.

Nikaagiza filamu ya Nordli. Ikachelewa. Wakati inachelewa, vilio vya mchana vikazidi, daktari akaongeza vidonge vya kutuliza. Karl naye akatundika picha ya jiwe ukutani pembeni ya kitanda, na kila Jumapili akawa anamuuliza, "Mama, Bestemor alitoka wapi?" Anamjibia mwenyewe, Heggedal. Anamuuliza tena. Aliambiwa kwamba wagonjwa wa namna hii wakirudiwarudiwa kitu wanakizoea na wanaacha kuogopa. Alifanya kwa mapenzi, na hilo ndilo linalonikaba. Angekuwa na roho mbaya ningejua la kumfanya.

Mimi majuma haya nilibanwa na zamu za maabara hospitalini, Jumamosi na Jumapili zote. Sikwenda kumwona.

Leo sina zamu, na filamu imefika.

Nimekaa kwenye ile mashine nikafungua ukurasa wa wasichana wa Nordli, na sikutafuta hata sana. Alikuwa pale. Marte. Baba Ole, mama Ingeborg, mahali Sandvoll. Wasimamizi wa ubatizo wameandikwa, majina yao yote, watu waliosimama kanisani wakamshika mtoto wa maskini kama mtoto wa mtu yeyote. Nilidhani siku hiyo ikifika nitapiga vigelegele mpaka nitolewe nje. Sikupiga. Nimeweka mkono mdomoni tu. Yule mama wa miwani amekuja, ameinama akasoma, akaniminya bega. Amenichapia nakala na hakutaka kuchukua hela.

Nikaendesha gari mpaka Fort Worth kwenye manyunyu yale, karatasi nimeiweka kifuani ndani ya koti isilowe. Njiani nilikuwa najisemea nitakavyomwambia. Mama, hukuwa umechanganyikiwa. Mama, sisi ndio tuliochanganyikiwa. Nimerudia mara nyingi nikapitiliza njia ya kutokea.

Mlangoni nimepokewa na Furaha. Huyu ni dada wa Kikongo anayemhudumia mama, ana mikono ya upole kuliko mtu yeyote mle ndani.

"Karibu, mama. Leo utafurahi," akaniambia. "Ako muzuri sana. Halii tena. Iko siku nyingi halii."

Nikasema asante Mungu. Nilisema kweli, kwa sauti, asante Mungu.

Mama Solveig alikuwa amekaa dirishani, nywele zimechanwa, blanketi magotini. Akanitabasamia. Nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mikono.

"Mama, nimempata Bestemor."

"Bestemor," akasema, uso ukachangamka. Akainua kidole akaonyesha picha ukutani. "Heggedal."

Kisha akanitazama, anasubiri. Alikuwa anasubiri nimsifie.

Jamani.

Nikatoa karatasi. Nikamwambia si Heggedal, Mama, ni Sandvoll, ni ng'ambo ya maji, ulikuwa unasema kweli siku zote zile. Nikamwekea kidole kwenye jina. Akaitazama karatasi muda mrefu, na mimi nikamtazama yeye, namwomba Mungu kitu kimoja tu. Alipoinua macho, aliongea kwa ile sauti ya heshima anayoitumia kwa wageni.

"Hapo sipajui, mwanangu."

Akaniona nalia. Akaanza kunipapasa mkono, taratibu, kunibembeleza mimi.

"Usilie," akasema. "Heggedal ni pazuri. Bestemor alipapenda sana."

Sijui niliondokaje pale. Nakumbuka Furaha ananishika kiwiko akiniuliza, "Mama, unalia nini? Si ako muzuri?" Ningemwambia nini, kwamba nataka bibi wa watu aanze kulia tena?

Maana ndicho nilichokitaka pale, nikiwa mkweli. Nilitaka anitazame na yale macho yake ya uchungu ya Pasaka. Mwanamke huyu amesahau ndoa yake, amesahau nyumba yake, amesahau jina langu. Kitu kimoja alikikumbuka barabara, akakishika, akakililia miezi yote hiyo, na kilikuwa kweli tupu. Na sisi tuliompenda tumekaa naye kila Jumapili, taratibu, kwa subira, mpaka tukamfungua vidole kimoja kimoja tukamnyang'anya.

Nimefika nyumbani nikaweka karatasi mezani mbele ya Karl. Ameisoma. Nikamweleza habari ya mtaa na usharika, mchungaji na kitabu chake, maji na mashua. Hakubisha. Amekaa na rimoti mkononi, mpira unaendelea bila mtu wa kuutazama. Baadaye akauliza, kwa sauti ndogo, "Halii tena, lakini?"

Nikamjibu ndiyo, halii tena.

Nikaja huku chumbani. Na hapa nilipo, nageuza jambo hili huku na huku na halikai. Nikimwita mchonga mawe wiki ijayo, Krismasi tutampeleka Mama Solveig makaburini kama kila mwaka, naye atatafuta Heggedal yake pale juu ya jiwe. Hataiona. Ataona jina asilolijua juu ya bibi yake, na atalia upya, safari hii kwa sababu ya kweli. Nikiliacha jiwe lilivyo, Bibi Marte anaendelea kulala chini ya jina la waliomfungia nje kwenye baridi.

Karl ameingia sasa hivi na kikombe cha chai. Ameweka tangawizi, nyingi kupita kiasi, ndivyo anavyodhani tunakunywa. Amekaa ukingoni mwa kitanda. Amesema "pole", ndilo neno la Kiswahili analolijua vizuri. Kisha amesema kwa Kiingereza chake kwamba amempigia mchonga mawe nyumbani kwake. Herufi zikishachongwa hazifutiki. Inabidi kusaga uso mzima wa jiwe ushuke, ndipo zichongwe nyingine.

"Nimemwambia asubiri," akasema. "Mpaka siku tutakayomleta Mama."

Tumekunywa chai hiyo hiyo kwa zamu, kikombe kimoja, inawasha koo.

Basi ndivyo itakavyokuwa. Siku tutakayomlaza Mama Solveig pembeni ya bibi yake, jiwe la Bibi Marte litasagwa, litaandikwa Nordli, na chini yake Sandvoll, hata kama desturi yao ni jina moja. Atakayeuliza aje kwangu. Nakala nimeiweka ndani ya kitabu changu cha nyimbo.

Kesho Jumapili niko huru. Nitakwenda Fort Worth baada ya ibada, nitakaa chini ya ile picha, naye ataonyesha kidole na kusema Heggedal. Nitamwambia vizuri sana, Mama.

Na usiku wa leo, kabla sijalala, nitapiga magoti niombe jiwe lile likae na uongo wake miaka mingi.